Shubiri Moja ya Kondo Pazi

Gari la Kondo Pazi nililisikia kabla sijaliona. Nilikuwa bandani kwangu Kongowe, kando ya njia ya Morogoro, nimeinamia injini ya mtu, nikasikia mngurumo unakuja, unapanda, unakatika, unaanza tena, na ndani ya mngurumo huo kitu kinagonga, ko, ko, ko. Nikaweka spana chini. Chuma kikilia siwezi kuendelea na kazi nyingine, hata kama mwenye kazi hiyo amenisimamia kichwani.

Likatokea. Lilikuwa pikapu la jeshi lililobaki baada ya vita, la magurudumu yote manne yanayovuta. Kondo alikuwa nalo mwaka wa pili sasa, akibebea makopa ya muhogo na machungwa kutoka vijiji vya Kisarawe. Nililijua vizuri, ila siku ile lilikuwa limerefuka. Mbuzi angepita chini yake bila kuinama. Kule juu nikamwona Kondo mwenyewe, kofia yake ya viua imekwenda upande, mikono miwili imeng'ang'ania usukani, na usukani umegeuka robo nzima ilhali magurudumu yamenyooka.

"Mtani!" nikamwita. "Shuka utusalimie sisi tulio duniani."

"Mnyamwezi we," akajibu huku akitafuta pa kukanyaga, "umezoea kutazama mambo ukiwa na mzigo kichwani. Hili gari sasa halikwami popote."

Akaruka, akaanguka kwa magoti. Nilitaka kujifanya sikuona, halafu nikaona haya ya kumnyima haki yake.

"Kweli gari halikwami," nikasema. "Anayekwama ni dereva."

Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, na kwa hiyo Kondo hana ruhusa ya kuninunia kwa lolote, wala mimi sina ruhusa ya kumnunia. Miaka minane tangu nilipotoka jeshini na kuamua kutorudi Tabora, sijapata kumwona akikosa jibu. Lakini siku ile alijipangusa magoti, akanyamaza. Mzaramo akitaniwa asijibu, ama ni mgonjwa ama ameachwa na mke.

Alikuwa ameachwa. Mwanaasha, mkewe, alikuwa kwao Chole, huko Kisarawe, wiki ya tatu. Mama mtu, Bi Mwamini, alikuwa ametuma maneno kwa mjomba wao: Jumamosi Kondo aende Chole na hilo gari lake. Bi Mwamini atapanda, binti yake atapanda, na watakuja pamoja mpaka nyumbani kwa Kondo, Kibaha.

"Kama litamfikisha bila kumvunja kiuno, atamwacha mke wangu kwangu," Kondo akasema. "Kama halikumfikisha salama, atarudi naye, nami nianze kutafuta mtu wa kuniandikia talaka."

"Jumamosi hii?"

"Hii hii. Leo Jumatano."

"Na Mwanaasha mwenyewe anasemaje?"

"Mwanaasha akikasirika husema na mama yake. Mama yake husema na mjomba. Mjomba ndiye husema na mimi."

"Ameondokea nini?"

Akavua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. "Kitanda," akasema.

"Kitanda kimefanya nini?"

"Tengeneza gari, Sixtus."

Nikaingia chini. Kuingia kulikuwa rahisi, hilo sikatai, nilikaa kitako. Nilichokiona kule kilinipandisha hasira, maana mimi gari likionewa huona kama nimeonewa mimi. Propela, ule mhimili mrefu unaopeleka nguvu ya injini kwenye ekseli ya nyuma, ilikuwa imeinama kama ngazi iliyoegeshwa ukutani. Viungo vyake, ambavyo mafundi tunaviita krosi, vilikuwa vinakunjwa kupita uwezo wao, na hivyo ndivyo vilivyokuwa vikigonga. Tena ilikuwa imevutwa mpaka ncha yake imebakiwa na vidole viwili tu ndani ya ala. Shimo moja kubwa lingetosha kuichomoa. Mpira wa breki wa mbele ulikuwa umevutika mpaka umekuwa mwembamba. Nilijiuliza mtu huyu amefikaje kwangu akiwa hai.

Halafu nikaangalia springi. Kati ya springi na ekseli, kila gurudumu, kulikuwa na kigogo cha shubiri moja. Hivyo ndivyo alivyoliinua. Nikakipangusa tope kimoja kwa kidole, nikaona mninga. Nikapangusa zaidi. Ulikuwa mninga uliokerezwa vizuri sana, una pete tatu, na baina ya pete kuna maua madogo ya nakshi. Nikaenda kwenye kigogo cha pili, nacho kina maua. Vyote vinne vilikuwa na maua.

Nikatoka polepole.

"Kondo," nikasema, "haya ni matendegu."

Akajifanya anakagua tairi.

"Umekata miguu ya kitanda chenu ukaivalisha gari."

"Mninga hauliwi na mchwa."

"Nani alikwambia springi zina mchwa?"

Hapo nilicheka mpaka nikaketi juu ya tairi, na habari yote akanipa nikiwa bado nacheka. Wakati wa masika gari lilimkwamia karibu na Chole, hatua chache tu kabla ya kwa wakwe zake. Pale njia ina tuta refu katikati, na tumbo la ekseli ya nyuma likakaa juu ya tuta, magurudumu yakawa yanazunguka bure. Waliomvuta ni wanawake waliokuwa wakitoka mashambani. Walimvuta kwa kamba huku wakiimba, na katika wimbo wakatia jina lake. Kondo akaapa gari lile halitagusa tuta tena. Mwanaasha alipokwenda arusini Mzenga kwa siku tatu, Kondo akatafuta mti mgumu mkavu, akaukosa, mpaka alipoingia chumbani kulala akauona. Kitanda hicho Bi Mwamini ndiye alimpa binti yake siku ya arusi.

"Kwa hiyo Mwanaasha amerudi," nikasema, "amekuta gari limepanda shubiri moja na kitanda kimeshuka shubiri moja."

"Alinyamaza tu. Siku ya pili nikaenda naye sokoni Kisarawe, bomani, nikidhani yamekwisha. Tuliporudi akafunga nguo."

Ningemwuliza habari za soko hapo hapo, lakini nilikuwa nimeshughulika na kucheka.

Tulibishana mpaka adhuhuri. Mimi nilitaka kuliteremsha gari lote lirudi kama lilivyozaliwa. Yeye alisema afadhali nimteremshe yeye kaburini. Alisema lile tuta lingali pale pale, wanawake wangali wanaujua ule wimbo, na mwanamume havutwi mara mbili. Nikamwambia gari si mnazi, haliongezeki urefu bila kuharibika mahali. Mwisho tukakubaliana vidole vinne: theluthi ya shubiri yake.

Matendegu niliyatoa, jirani yangu seremala akayaunga kitandani kwa vigingi, na kufikia Ijumaa kitanda kilikuwa kimesimama. Kwenye springi niliweka vipande vinne vya chuma nilivyokata kwenye reli kuukuu. Chini ya springi za nyuma nikapachika kabari nyembamba za chuma ili ekseli igeuze uso wake juu kidogo, imwelekee propela badala ya kumpa kisogo. Nikairefusha propela kwa kuichomea kipande, nikatia krosi mpya, nikafunga mpira wa breki wa lori. Mbele nako nikatia kabari, kwa sababu magurudumu yalikuwa yamesahau kujinyoosha yenyewe baada ya kona, na fimbo ya usukani nikaipima upya mpaka usukani ukakaa sawa. Kazi hiyo ya siku mbili na nusu naieleza kwa maneno machache kwa kuwa Kondo hakuisifu hata kwa hayo.

Ijumaa jioni tulilijaribu mpaka Mlandizi na kurudi. Aliweka kikombe cha kahawa mbele ya kioo, akaenda mbio, na kahawa haikumwagika. Akaanza kunitania tena, nikajua amepona.

"Kesho unakuja na mimi," akasema.

"Kwa wakwe zako nikafanye nini?"

"Kusema. Mimi siwezi kusema na mkwe kama tunavyosema hapa. Wewe mtani huna haya."

Hilo lilikuwa kweli. Tukaondoka alfajiri. Kondo alivaa kanzu nyeupe iliyonyooka kwa pasi, nami nikatupa mfuko wa spana nyuma, maana fundi hamwamini mtu, na kazi yake mwenyewe ndiyo haiamini kabisa. Njia yote gari lilikwenda kimya. Tulipolifikia lile tuta karibu na Chole, Kondo alipunguza mwendo. Gari likapita juu yake bila kugusa hata jani. Akapiga honi mara tatu, na hapakuwa na mtu wa kumsikia ila kuku.

Bi Mwamini alikuwa tayari kibarazani, buibui mpya, furushi la nguo limefungwa. Ni mwanamke mzito, mwenye magoti yanayoijua mvua kabla haijanyesha, na macho yasiyokosa kitu. Mwanaasha alisimama nyuma yake, mrefu, mwembamba, anaangalia mbali. Kondo alisimama ukingoni mwa uwanja, akainama, macho kwenye vidole vya miguu yake.

"Shikamoo, mama," akasema kwa sauti ambayo sikujua kama anayo.

"Marahaba, mwanangu. Huyu ni nani?"

"Fundi, mama."

"Mimi mtani wako, Bi Mwamini," nikasema. "Mnyamwezi. Nimekuja kuona kama Wazaramo wanajua kusafiri bila ngoma."

"Na mimi nilidhani umekuja kunibebea mzigo," akasema. Tukawa marafiki.

Alilizunguka gari. Alipiga teke gurudumu. Alichungulia chini, akaona chuma mahali pa mninga, akaguna. Nikamweleza kwamba kitanda kimesimama, matendegu yameungwa, gari halitikisiki tena na usukani umenyooka. Akakubali kwa kichwa. Halafu akaja kwenye mlango apande, na hapo sote tukaona jambo ambalo fundi wa miaka kumi na mbili hakuliona na mwenye gari hakuliona.

Pa kukanyagia palikuwa vidole vinne juu ya goti lake.

Aliinua mguu, ukafika nusu. Akajaribu mguu wa pili. Mtu wa karibu, mwenye nguvu, aliyepaswa kumsaidia, alikuwa Kondo, na Kondo ndiye mtu pekee katika Chole nzima asiyeweza kumgusa. Mkwe hagusi mkono wa mkwewe, sembuse kumshika kiunoni na kumsukuma. Alirudi nyuma hatua mbili, akageuka kabisa, akatazama muhogo wa watu.

"Bibi, nikubebe mimi?" nikauliza. "Ndiyo kazi yetu."

"Mnyamwezi, ukinigusa nakutoza kuku saba."

"Saba ni wengi kwa uzito huu?"

"Saba ni kwa kunigusa. Uzito tutauhesabu mbali."

Majirani walikuwa wameanza kusogea. Nilimwona Kondo kwa nyuma, shingo yake inatoka jasho. Siku mbili na nusu nilikuwa nimekiwaza kiuno cha Bi Mwamini akiwa ndani ya gari, na hakuna aliyewaza ataingiaje. Nilijichukia kidogo, kisha nikamchukia Kondo zaidi, kwa kuwa gari ni lake.

Mwanamke mmoja akaleta kiti. Kilikuwa kiti imara, chenye mgongo mrefu, na Kondo alipokisikia kikiwekwa chini aligeuka, uso wake umefunguka. Shida ilikuwa imekwisha. Bi Mwamini akapanda kiti, kutoka kitini akaingia garini, akakaa, akajipanga buibui lake. "Haya," akasema. "Mwanaasha, njoo."

Mwanaasha hakuja.

"Mama, wewe umepata kiti," akasema. Alisema na mama yake, lakini kwa sauti ya kufika mpaka kwa jirani wa tatu. "Mimi pale bomani Kisarawe, siku ya soko, sikupata kiti. Wachukuzi wawili walinishika huku na huku wakanirusha juu kama gunia la makopa. Khanga yangu ikabaki mikononi mwao. Soko zima likacheka."

"Wachukuzi hawana adabu," Bi Mwamini akasema.

"Sikuondoka kwa ajili ya wachukuzi. Wala kitanda, mama, kitanda nilikisema kwa kuwa hiki kingine nilishindwa kukisema." Akamwelekeza Kondo kwa kidevu. "Na yeye alicheka."

Hakuna aliyecheka pale uwanjani. Mimi mwenyewe, ambaye nimepewa ulimi huu na mababu zangu kwa ajili ya Wazaramo, nilitafuta neno la kutania nikalikosa. Nilimtazama Kondo. Nilidhani atasema hakucheka, au alicheka kidogo, au kila mtu alicheka. Alikitazama kiti, akautazama mlango wa gari. Halafu akavua kofia yake ya viua akaiweka juu ya boneti, akaja kwangu.

"Toa vile vyuma," akasema.

"Sasa hivi?"

"Vyote vinne. Literemke lilivyokuwa."

Nikamvuta pembeni. "Sikiliza, mtani. Mama ameshapanda. Kiti tunaweza kukichukua, mkeo akatumia hicho hicho. Ukiliteremsha, lile tuta litatukamata. Leo, na mkwe wako ndani. Nani atatuvuta? Wale wale."

"Wakinivuta wanivute."

"Na wimbo?"

"Waimbe. Leta spana, Sixtus. Nitafungua mwenyewe."

Bi Mwamini aliposikia ashuke tena alilalamika kwamba jua linapanda na kwamba yeye si tikiti la kupakiwa na kupakuliwa. Akateremka kwa kiti kile kile, akakaa juu yake katikati ya uwanja, akatuangalia. Nikapiga jeki. Kondo akalala mgongoni na kanzu yake nyeupe, akaingia chini ya gari mbele za wakwe zake na nusu ya Chole, miguu nje, viatu vimeelekea mbinguni. Hata yale matendegu alifungiwa na watu; mwenyewe hakuwa amepata kushika spana maishani mwake. Nikaingia naye.

Nilimwonyesha boliti ndefu zinazokumbatia ekseli na springi. Nikamweleza kwamba chuma cha reli hatukitupi, kwa sababu boliti zimekuwa ndefu na bila kitu zisingekaza. Kitoke chini ya springi, kikae juu yake. Kabari nazo zitoke, maana propela ikirudi kulala vizuri hazina kazi tena. Aliitikia kwa kila neno, tope likimwangukia machoni. Gurudumu la kwanza lilitumaliza pumzi. La pili lilimchubua vidole. Kanzu ilikuwa imeshakuwa tambara la gereji.

Tulikuwa kwenye la tatu nilipoona ncha ya buibui kando ya gurudumu. Mwanaasha alichuchumaa. Hakunitazama mimi. Wiki tatu alikuwa amempelekea mumewe maneno kwa kupitia mama na mjomba, na mimi nilikuwa nimelala pale katikati yao nikiogopa hata kumeza mate.

"Unamteremshia nani?" akamwuliza. "Mama ana kiti."

Kondo aliendelea kusukuma spana. Jasho na grisi vilikuwa vimechanganyika usoni, sikuweza kujua kipi ni kipi.

"Wewe huna," akasema.

Mwanaasha hakuondoka. Alikaa vile vile, amechuchumaa, amekusanya buibui magotini. Halafu akainama zaidi, akachungulia mkono wa mumewe kwenye ile nati.

"Unaikaza," akasema. "Igeuzie huku kwangu."

Alisema kweli. Niliiona tangu mwanzo nikanyamaza, kwa kuwa ilinifurahisha. Kondo akaigeuzia kwake, nati ikalia, ikaachia. Nikatoka taratibu kwa upande wa pili, nikamwendea Bi Mwamini pale kitini, nikamwambia asichoke kungoja: gari bado kuondoka, lakini binti yake ameshakwenda kwa mumewe.